Mlinzi wa Mafuta kwenye Forester ya Mjomba: Shajara ya Gereji, Tabora

Tarehe 3 Mei

Pistoni ya silinda namba 4 iko mezani, nimeilaza juu ya gazeti. Kati ya ringi ya kwanza na ya pili kipande cha alumini kimemeguka, upana wa ukucha wa kidole gumba, na ubavu mzima umekwaruzwa kama uliopitishwa msasa. Zile tatu nyingine ziko salama. Wazoefu wa injini za EJ za Subaru watasema tu, "Namba 4, kama kawaida." Sawa, kawaida ipo. Lakini pistoni haivunjiki kwa sababu ya namba yake.

Gari ni Subaru Forester SF5, injini ya EJ205, cc 1,994, yenye tabo. Mjomba alikuwa anarudi kutoka Nzega saa nane mchana, watu wanne ndani na magunia mawili ya mchele nyuma. Akakanyaga mafuta ili apite lori. Gari likavuta vizuri kwa sekunde chache, halafu likalegea, na akasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo. Hakuachia. "Nilidhani ni kokoto kweli," akaniambia. Alipofika Ipuli, moshi wa bluu ulikuwa unamfuata nyuma na kijiti cha kupimia oili kimesukumwa nje ya tundu lake.

Tarehe 5 Mei

Kila aliyepita gerejini ametoa hukumu ileile: mafuta yamechakachuliwa. Huo ugonjwa tunaujua, ndiyo maana EWURA, wadhibiti wa nishati, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Ila nilipofungua tangi nilikuta jambo la kawaida zaidi. Chujio dogo la chini ya pampu lilikuwa limevaa koti la tope jekundu, laini, udongo wa kwetu huu huu. Mjomba ana tabia ya kununua petroli ya kwenye madumu akiwa vijijini. Petroli yenyewe inaweza kuwa safi kabisa, uchafu ukatoka kwenye dumu na mpira wa kunyonyea.

Kisha nikapima umeme. Gari halina injini, kwa hiyo nikaunganisha chaja kubwa kwenye betri hadi ikasoma volti 13.9. Kwenye plagi ya pampu, pampu ikiwa inazunguka: volti 10.6. Zaidi ya volti 3 zinapotea njiani, kwenye waya mwembamba wenye miaka zaidi ya ishirini na kiungio kilichoota ukungu wa kijani.

Sasa tope na waya viweke pamoja. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa, pampu dhaifu inatosha na mengine yanarudi tangini kupitia bomba la kurudisha. Hakuna taa inayowaka, hakuna dalili. Siku unayokanyaga mpaka chini, ile ziada haipo tena, na tabo haijui kwamba mafuta hayapo. Yenyewe inaendelea kusukuma hewa.

Tarehe 10 Mei

Leo nimekaa na daftari, maana Mjomba anauliza kwa nini asinunue pampu mpya tu tukamaliza. Pampu mpya atanunua. Lakini pampu mpya nayo huzeeka, na siku ikizeeka haitapiga simu kwanza.

Nozeli ni bomba linalofunguka kwa muda uliopimwa. Kompyuta inahesabu muda tu. Kiasi cha mafuta kinachotoka ndani ya muda huo kinategemea tofauti ya presha kati ya bomba la nozeli na ndani ya manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye silinda). Kwenye injini hii tofauti hiyo inatakiwa iwe kama bar 3 wakati wote. Ndiyo kazi ya regyuleta: tabo ikisukuma bar 0.9, presha ya mafuta nayo ipande mpaka 3.9, ili tofauti ibaki ileile.

Chukulia pampu imechoka, imefika 3.3 na haipandi tena. Tofauti ni 3.3 kutoa 0.9, yaani 2.4. Mafuta hayapungui kwa uwiano wa moja kwa moja, yanafuata kipeuo cha pili: 2.4 gawanya kwa 3 ni 0.8, kipeuo chake cha pili ni kama 0.894. Umepoteza karibu asilimia 11 ya mafuta. Kama uliiweka injini kwenye lamda 0.80 (lamda 1 ni mafuta yanayotosha hewa sawasawa, chini ya 1 mafuta yamezidi), sasa iko 0.89 au 0.90. Tofauti ikishuka mpaka 2.0, unapoteza asilimia 18 na lamda inafika 0.98, tabo ikiwa inasukuma kwa nguvu zote. Hapo ndipo mlio wa kokoto unapotoka. Joto linapanda, mafuta yaliyobaki yanalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia, na ubavu wa pistoni unapigwa nyundo.

Gerejini kwetu hali hiyo tunaiita "kukauka". Nitalitumia neno hilo kuanzia hapa.

Tarehe 17 Mei

Kompyuta ya kiwandani ya gari hili haina sensa ya presha ya mafuta. Ile sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi inasikilizwa gari likitembea taratibu. Ukikanyaga, kompyuta inaacha kuisikiliza na kufuata jedwali lake. Yaani wakati wa hatari ndio wakati inapofumba macho.

Zipo kompyuta za kununua zenye ulinzi wa presha ya mafuta tayari ndani yake, mfano Haltech na Link. Bei zake zingemlazimu Mjomba auze gari ili alifungie kompyuta. Tumechukua kompyuta ya injini iitwayo Speeduino kutoka Dar, mkononi mwa kijana aliyeshindwa kuimalizia. Inajengwa juu ya Arduino Mega 2560 (bodi ndogo ya kompyuta), michoro yake iko wazi kwa yeyote, inapangwa kwa programu ya TunerStudio kwenye laptopu, na inaelewa meno ya 6/7 ya Subaru za zamani, yale yanayoiambia kompyuta injini imezunguka hadi wapi. Inaweza kurekodi presha ya mafuta, na ina ulinzi wa uwiano wa hewa na mafuta kupitia sensa pana ya ekzosi. Sensa niliyonunua ni Bosch LSU 4.9.

Sensa hiyo naitaka, lakini siitegemei peke yake. Iko nyuma ya tabo. Inanusa moshi, na moshi ni habari ya kilichokwisha kutokea ndani ya silinda. Presha inakupa habari kabla nozeli haijafunguka. Pia sensa inanusa moshi wa silinda zote nne uliochanganyika. Moja ikikauka na tatu zikiwa sawa, wastani unaficha. (Na presha nayo haitaona nozeli moja iliyoziba. Dawa ya hilo ni kuchomoa plagi na kuzitazama rangi, hakuna njia ya mkato.)

Kwa hiyo nimeamua: presha tofauti ichungwe na kifaa cha pembeni, Arduino Nano moja yenye kazi hiyo hiyo tu. Tumeipa jina "mgambo".

Tarehe 7 Juni

Injini imerudi garini. Pistoni mpya, ringi, beringi. Sitaandika kuhusu hilo, ni kazi ya kila siku.

Waya wa pampu: milimita za mraba 4, moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) nyuma ya kiti. Pampu sasa inapata volti 13.4. Nusu ya mradi huu ni waya huu mmoja, na ndiyo nusu iliyo rahisi kuliko zote.

Dogo wa gereji alitaka kuwasha rilei ya pampu kutoka swichi ya funguo. Nikamkatalia. Rilei inawashwa na Speeduino: ukifungua funguo inajaza presha sekunde chache, halafu kama injini haizunguki inazima. Gari likipinduka na bomba likikatika, injini ikishazima hutaki pampu iendelee kumwaga petroli juu ya ekzosi ya moto.

Sensa ya presha ni ya bar 0 hadi 10, inatoa volti 0.5 hadi 4.5. Bar 3 ni volti 1.7. Nimeifunga kwenye ukuta wa chumba cha injini na kuifikishia mafuta kwa mpira wa petroli wa presha kubwa. Ukiiskurubu moja kwa moja kwenye bomba la nozeli, mtikisiko wa injini utaila.

Tarehe 15 Juni

Mgambo amepata hesabu yake ya kwanza, na amekosea.

Sensa ya mafuta inapima juu ya presha ya hewa ya nje. Sensa ya manifoldi inapima kutoka sifuri kabisa. Ili utoe moja kwa nyingine lazima uongeze hewa ya nje kwenye ya kwanza. Mimi niliandika kilopaskali 101, namba ya vitabuni, ya usawa wa bahari. Tabora tuko kama mita 1,200 juu. Hewa ya hapa ni karibu kilopaskali 88. Kwa hiyo mgambo alikuwa anaona bar 0.13 zaidi ya zilizopo, kosa linaloelekea upande mbaya: anadhani mafuta yapo wakati hayapo.

Nimerekebisha. Funguo ikifunguliwa, kabla injini haijazunguka, manifoldi ina hewa ya nje tu. Mgambo anasoma namba hiyo na kuihifadhi kwa safari nzima. Leo asubuhi amesoma 88.

Nimemfundisha pia kutilia shaka macho yake. Volti chini ya 0.25 au juu ya 4.75 haiwezi kutoka kwenye sensa nzima. Hiyo ni waya uliokatika au uliogusana, siyo presha.

Tarehe 22 Juni

Leo nusura tufe kwa ajili ya ulinzi.

Mpango wa kwanza ulikuwa mfupi: tofauti ikishuka chini ya 2.6, mgambo anakata rilei ya umeme wa nozeli. Mafuta yakikatika kabisa kwenye silinda zote hakuna mwako, na pasipo mwako hakuna kukauka. Kwenye karatasi ni sawa kabisa.

Barabara ya Nzega, mimi naendesha, Mjomba pembeni, laptopu mapajani kwa dogo nyuma. Mbele yetu Fuso limejaa mkaa. Kwa mbali linakuja basi, nafasi inatosha. Nikatoka, nikakanyaga, tabo ikaamka, na tulipofika usawa wa tairi za nyuma za Fuso injini ikazima. Kimya. Usukani ukawa mzito. Gari linapungua, Fuso liko kushoto, basi mbele linawasha taa. Dereva wa Fuso, Mungu ambariki, alikanyaga breki zake akatuachia tujirudishe. Mjomba hakusema kitu mpaka tulipokuwa tumesimama chini ya mwembe. Hapo akasema, "Mwanangu, bora pistoni."

Nilitazama rekodi mikono ikinitetemeka. Presha ya mafuta yenyewe haikushuka hata kidogo. Kilichoshuka ni usomaji. Waya wa sensa nilikuwa nimeupitisha kwenye ganda moja na nyaya za koili za plagi, na hasi yake nimeifunga kwenye bodi ya gari. Tabo ilipopanda na koili kuchaji kwa nguvu, kelele ya umeme ikaingia kwenye usomaji kama miiba. Mwiba mmoja ulitosha, kwa sababu sikuwa nimemwekea mgambo subira yoyote.

Makosa yangu ni mawili, lakini la waya ni dogo. Kubwa ni kwamba nilifikiria injini tu. Gari lina watu.

Tarehe 29 Juni

Mpango mpya umechorwa upya wote, na umechorwa kuanzia swali moja: mgambo akikosea, au akifa kabisa, gari lifanye nini?

Hatua ya kwanza ni tabo. Umeme wa vali inayopandisha presha ya tabo sasa unapita kwenye rilei inayoshikwa na mgambo. Akiiachia, kwa kuona hatari au kwa kufa, vali inakosa umeme na presha ya tabo inarudi kwenye nguvu ya springi tu, kama bar 0.5. Gari linalegea lakini linaendelea kuvuta. Unaweza kumaliza kupita lori, au ukarudi nyuma yake, bila kusali. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi.

Hatua ya pili ni nozeli. Hapa nimegeuza. Umeme wa nozeli unapita upande wa rilei uliofungika wakati rilei imelala, kwa hiyo mgambo lazima aiamshe ndipo akate. Akifa, nozeli zinabaki na umeme. Gari linakosa tabo kamili tu.

Masharti: tofauti chini ya bar 2.7 mfululizo kwa milisekunde 200, hatua ya kwanza. Chini ya 2.3, na manifoldi ikiwa juu ya hewa ya nje, hatua ya pili, tena baada ya hatua ya kwanza kupewa nusu sekunde ya kufanya kazi. Manifoldi ikiwa chini ya hewa ya nje, taa peke yake. Injini isiyo na mzigo ikikauka itapiga misi na kuzima, haitavunja pistoni.

Nusu sekunde ni nyingi kwa pistoni? Ndiyo, kidogo. Nimeipima dhidi ya ile Fuso.

Waya wa sensa umebadilishwa kuwa wa ngao, unapita peke yake, na hasi yake inarudi kwenye hasi ya sensa za Speeduino. Ulinzi wa Speeduino wa uwiano nao umewashwa nyuma ya yote.

Tarehe 6 Julai

Majaribio. Mlinzi ambaye hajawahi kuona mwizi simwamini.

Mezani nilimwekea mgambo rezista ya kuzungusha badala ya sensa, nikashusha volti polepole, nikasikiliza rilei zikilia kwa zamu. Nikang'oa waya wa sensa: taa, tabo chini, injini inaendelea. Nikamng'oa mgambo mwenyewe plagi injini ikiunguruma: ileile.

Barabarani sikuibana pampu ili nione gari linakauka kweli. Hiyo ni kuvunja pistoni ya pili kwa makusudi. Nilipandisha kizingiti cha hatua ya kwanza mpaka 3.2, ili presha nzuri ionekane mbovu. Barabara ya Sikonge, asubuhi, hakuna gari. Nikakanyaga gia ya tatu. Gari likalegea kama mtu aliyeguswa bega. Nikarudia mara sita. Mjomba aliendesha mara ya saba na akasema hii anaweza kuishi nayo. Nikarudisha 2.7.

Tarehe 20 Julai

Safari ya Kigoma, Mjomba ana msiba Ujiji. Tumepita Urambo, Kaliua, daraja la Malagarasi, Uvinza. Vumbi la vipande visivyo na lami limeingia mpaka kwenye meno.

Kabla ya Uvinza, kwenye mfululizo wa kona, taa ikawaka sekunde moja ikazima. Tena. Geji ya mafuta inasema robo tangi. Tulisimama, dogo akafungua rekodi: kila kona ndefu ya upande mmoja, tofauti inashuka mpaka 2.5, halafu inarudi 3.0. Safari hii haikuwa miiba ya umeme. Mstari ulishuka kwa mteremko laini, kama maji yanayoisha kwenye beseni.

Tulikwenda taratibu mpaka Kigoma, na jioni nikafungua tangi uani kwa mwenyeji wetu, mtaa wa Mwanga. Tangi la Forester limekaa kama tandiko la punda, shafti ya nyuma inapita katikati yake. Pampu iko upande mmoja, na kimpira ndani ya tangi kinavuta mafuta ya upande wa pili kuyaleta kwake. Kimpira kilikuwa kimepasuka. Upande usio na pampu tulinyonya lita 11. Wa pampu ulikuwa karibu mtupu. Geji inajumlisha pande zote mbili, kwa hiyo haikusema uongo. Kwenye kona mafuta machache yaliyobaki yalikimbilia pembeni na pampu ikanyonya hewa.

Hili hata pampu mpya isingeliona. Mwenyeji wetu aliuliza kwa nini natabasamu na mikono yangu inanuka petroli, kwenye nyumba yenye migebuka jikoni.

Asubuhi ya kuondoka mgambo alisoma hewa ya nje: 92. Ziwa liko chini ya Tabora kwa zaidi ya mita 400, naye amelijua hilo mwenyewe.

Tarehe 9 Agosti

Chujio la tangi, baada ya kilomita zaidi ya elfu moja: safi, vumbi kidogo tu. Plagi zote nne zina rangi ya kahawia ya maziwa. Tofauti ya presha kwenye gia ya tatu na ya nne haijashuka chini ya 2.9.

Mjomba amekuja kuchukua spea nyingine. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba. Ile taa yako nimeiziba na plasta." Nikamuuliza kwa nini. Anasema ukifungua funguo usiku, wakati mgambo anajipima, inamchoma macho.

Nimemwambia alilete gari Jumatatu. Nitatoa plasta, niibadilishe rezista ya taa kutoka omu 330 iwe kilo-omu 2.2, na niisogeze kutoka usawa wa macho ikae juu ya redio.